Kopo la TSh 55,000 na dakika 40 za afisa lishe

Nilipogundulika na kifua kikuu mwezi wa tatu nilikuwa na kilo 47. Kabla ya hapo nilikuwa na 61. Mkanda wa suruali nilishautoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto, na abiria wa bajaji yangu walianza kuniuliza, "Kaka, unaumwa?"

Nilikimbilia kopo. Yale maziwa ya unga ya wagonjwa, gramu 400, TSh 55,000 kwenye duka la dawa la mtaani. Muuzaji akasema litaninenepesha, nitumie tu. Kiasi gani, hakusema. Kwa bei ile nikaona nilibane: vijiko viwili kwenye glasi kubwa ya maji kila asubuhi, na ndiyo ikawa chai yangu. Wiki sita, makopo mawili, kilo 47.4.

Kliniki wakanipeleka kwa afisa lishe. Nilitegemea karatasi ya "kula matunda na mboga", na kweli nilipewa (ina maini na sangara kila wiki, mfuko wangu hauwajui hao). Ila kabla ya karatasi dada yule alinihoji dakika 40. Unameza dawa saa ngapi? Nani anakupikia? Kichefuchefu kinakushika muda gani? Chakula gani bado unakitamani? Nikatoa kopo kwenye mfuko, nikamwonyesha ninavyokoroga. Akacheka, akaligeuza, akanisomesha maandishi ya nyuma: vijiko sita vya kipimo kwa glasi moja. Yaani kopo zima ni glasi kama saba! Mimi nilikuwa nakunywa maji meupe.

Hakunikataza kopo. Alilihamisha tu: glasi moja iliyokorogwa sawasawa, saa kumi jioni, katikati ya milo, isichukue nafasi ya mlo wowote. Kwa kuwa dawa nameza alfajiri na tumbo halitulii mpaka saa tatu, mlo wangu mkubwa ukawa saa nne. Uji wa ulezi, mzito, siyo ule wa kuteleza, ndani yake siagi ya karanga na kijiko kikubwa cha mafuta, ambacho peke yake kina kalori kama 120. Chai baada ya kula, isije ikanijaza kabla. Karanga za kukaanga nikaziweka mbele ya usukani, nikatafuna kila foleni. Samaki jodari, dada yule akasema nimwache mpaka nimalize dozi, kwa sababu hapatani na isoniazidi, moja ya dawa za kifua kikuu. Unaweza kuwashwa na kuwa mwekundu mwili mzima. Hilo duka la dawa wasingeniambia.

Shemeji yangu muuguzi alinionyesha mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya), tafiti 94 kuhusu ushauri wa lishe na virutubisho hivi. Ushahidi mwingi ni hafifu, kwa hiyo haya yangu yachukue kama ya mtu mmoja: nilipomaliza dozi ya miezi sita nilikuwa na kilo 56. Jirani yangu mwenye kidonda cha koo, ambaye kutafuna ni mateso, yeye kopo ndilo linalomfaa zaidi.

Kopo: nyota tatu, bei imelishusha. Afisa lishe: nyota nne. Yupo Jumanne na Alhamisi tu, na usipofika saa moja asubuhi, namba zimeisha.