Gari la umeme au basi: uzoefu wangu kwa anayejali mazingira

Nimeendesha gari la umeme kwa zaidi ya mwaka sasa, na muda wote huo sikuacha kupanda basi na treni. Naandika kwa ajili ya yule anayetaka kununua gari la namna hii kwa sababu ya mazingira, maana wauzaji hukuonyesha upande mmoja tu. Jibu langu nalitoa mapema: basi lililojaa abiria linalishinda gari la umeme lenye mtu mmoja, hata kama basi hilo linatumia dizeli. Masharti ni mawili: abiria wawepo kweli, na umeme wa gari usiwe wote wa maji, jua au upepo.

Nianze na gari. Kuliendesha ni raha, sifichi. Halina mngurumo, halitetemeki, ukikanyaga linaondoka palepale. Ukiinua mguu, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana kwenye foleni, pale ambapo gari la petroli linaunguza mafuta likiwa limesimama, hili halipotezi mengi. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, iliyobaki inapotea kama joto. Mota ya umeme inatumia zaidi ya robo tatu ya kile inachopewa. Matengenezo nayo ni machache: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, na breki zinadumu kwa sababu mota inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo.

Kinachochosha ni kuchaji ukiwa safarini. Unafika kwenye chaja unakuta haifanyi kazi, au wenzako wametangulia. Betri ikifika asilimia 80 umeme unaanza kuingia polepole, kwa hiyo kusubiri ijae kabisa ni kupoteza muda. Ukiwasha hita wakati wa baridi, kilomita zinapungua mbele ya macho yako. Kwa mwenye mahali pake pa kuchajia usiku, haya yote ni madogo. Asiye na mahali hapo afikirie mara mbili.

Sasa twende kwenye moshi, maana ndicho kilichonifanya nilichukue gari hili. Bomba la moshi halina, lakini umeme unatoka mahali fulani. Gari langu linatumia karibu kilowati-saa 17 kwa kilomita 100. Umeme ukizalishwa kwa makaa ya mawe, kila kilowati-saa hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa, kwa hiyo kilomita 100 hizo zinagharimu anga takriban kilo 17. Gari la petroli linalotumia lita 7 kwa umbali huohuo hutoa kama kilo 16 kwenye bomba lake, bila kuhesabu uchafuzi wa kusafisha mafuta yenyewe. Hapo faida ni ndogo mno, kama ipo. Umeme ukitoka kwenye maji, jua au upepo, hesabu inageuka kabisa. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka nguvu za maji. Mahali ambapo umeme umechanganyika, chukulia nusu kilo au pungufu kwa kilowati-saa, ninatoa kilo 8 hivi.

Nikaliweka basi kwenye mizani ileile. Basi kubwa la dizeli linakunywa kama lita 40 kwa kilomita 100, na kila lita hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Jumla ni kilo 108. Inaonekana balaa, mpaka ugawanye. Abiria 40 wakiwa ndani, kila mmoja anabeba chini ya kilo 3. Wakiwa watano tu, kila mmoja anabeba zaidi ya kilo 20, ambazo ni nyingi kuliko za mtu aliye peke yake kwenye gari la petroli. Kwa umeme ule uliochanganyika, basi hili linanifikia likiwa na abiria kama 14, na kila anayeongezeka hapo anazidi kulipatia basi ushindi. Nikiri pia upande wa pili: tukiwa wanne kwenye gari langu, kila mtu anabaki na kilo 2, na hata basi lililojaa halitufikii.

Na hapo ni dizeli. Shenzhen, China, walimaliza kubadilisha mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017. Treni na tramu, yaani treni ndogo zinazopita kwenye reli za barabarani mjini, zina faida nyingine ninayoipenda zaidi: zinachukua umeme kwenye waya au reli moja kwa moja, hazilazimiki kubeba betri nzito. Si jambo jipya pia. Tramu ya umeme ya Siemens ilikuwa inabeba abiria karibu na Berlin tangu 1881.

Betri ndiyo inayonikosesha raha zaidi. Kutengeneza betri ya gari hutoa tani kadhaa za hewa ya ukaa kabla gurudumu halijazunguka. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na baadhi ya wachimbaji wanaingia ardhini kwa mikono mitupu, watoto wakiwemo. Zipo betri za chuma na fosfeti zisizotumia kobalti wala nikeli. Anayenunua leo aulizie hizo. Lakini hata betri safi kuliko zote, ndani ya gari la mtu binafsi inakaa imeegeshwa sehemu kubwa ya siku. Ndani ya basi inafanya kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku na kuhudumia mamia ya watu. Madini yaleyale, matunda tofauti kabisa. Sijagusia vumbi la matairi, ambalo gari zito la umeme linalitoa kama mengine, wala nafasi barabarani: foleni ya magari ya umeme bado ni foleni.

Basi lina kero zake, na zinauma. Kusubiri bila kujua linakuja lini, kusimama safari nzima, kukosa la mwisho usiku. Mwenye mtoto mgongoni na mizigo mikononi hawezi kuishi kwa hesabu zangu.

Kwangu uamuzi umeshapita. Safari za kazini, ambako niko peke yangu na basi linajaa, ninapanda basi. Gari linatoka tukiwa wengi, kukiwa na mgonjwa au mzigo, au kule ambako basi halifiki. Wazo la kununua gari la pili la umeme nyumbani tumeliacha. Wanaopanga usafiri wa umma nawaomba jambo moja tu: mabasi yapite mara nyingi na kwa saa inayojulikana, maana abiria wa 15 yuko tayari kupanda, anachokosa ni uhakika kwamba basi litakuja.