Themostati ya gari la zamani: angalia kisahani cha chini kabla ya bei

Malalamiko ninayoletewa na wenye magari ya zamani yanafanana kama mapacha. Rejeta imezibuliwa, pampu ya maji ni mpya, feni inavuta vizuri, themostati, yaani kile kilango kinachofunguliwa na joto ili maji yaende kwenye rejeta, imebadilishwa, na bado gari likianza kupanda mlima geji ya joto nayo inapanda. Huwa naomba picha ya hiyo themostati mpya ikiwa imelazwa ubavu. Mara nyingi picha yenyewe inatosha: upande wa chini, panapotakiwa kuwa na kisahani cha kuziba njia ya maji, hauna kitu. Au kuna kisahani, ila kimekaa juu mno.

Nyuzi joto nitazimaliza haraka, maana ndicho kitu pekee ambacho kila muuzaji anakuuliza: ya 82 au ya 76? Namba imegongwa kwenye chuma cha ile ya zamani au imo kwenye kitabu cha gari. Nunua hiyohiyo. Anayekushauri uchukue ya 71 ili injini ipoe anakupoteza. Namba hiyo inaeleza maji yaanze kwenda kwenye rejeta yakifika joto gani. Haiwezi kuyazuia yasipande zaidi ya hapo. Rejeta ikielemewa, yatafika 105 hata kama themostati ilifunguka mapema, na siku za kawaida utabaki na injini inayochelewa kupata moto na kunywa mafuta bure.

Sasa tuje kwenye kisahani. Injini nyingi za zamani, za Kijapani hasa, zina njia mbili za maji. Injini ikiwa ya baridi, maji yanazunguka humohumo ndani kwa njia ya mkato, yaani baipasi, bila kugusa rejeta. Ndani ya kile kikopo cha shaba cha themostati kuna nta. Ikipata joto inatanuka, inasukuma kipini, na mlango mkubwa unafunguka. Mwendo huohuo unakishusha kisahani cha chini kikazibe tundu la baipasi. Kisahani kisipokuwepo, au kisipofika, mlango mkubwa utafunguka vizuri kabisa lakini sehemu ya maji ya moto itaendelea kupita mkato na kurudi kuzunguka silinda kabla ya kupoa. Kwenye barabara tambarare huoni tofauti. Ni siku ya mzigo, gia ya pili na mlima mrefu ndipo utakapoanza kumlaumu fundi wa rejeta asiye na kosa.

Ndiyo maana pia ule ushauri wa "itoe kabisa, tembea bila" unaziumiza injini za aina hii. Ukitoa themostati, baipasi inabaki wazi muda wote.

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Pima kutoka ukingo wa juu hadi kwenye kisahani, kisha upana wa kisahani chenyewe. Kibonyeze kwa kidole gumba: kina springi yake ndogo, kinatakiwa kurudi nyuma kidogo halafu kijirudishe. Kisichobonyea kimekwama. Nyumbani, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto, washa moto. Ya 82 ianze kuachia kati ya 80 na 84, na kwenye 95, kwa injini nyingi za Toyota, iwe imefunguka milimita 8 au zaidi.

Katika orodha yangu ya kampuni za themostati, Tama ya Japani inakaa juu, na upendeleo huo siuonei haya. Namba zake zinasomeka: WV56TA-82, kwa mfano, 56 ni upana wa ukingo kwa milimita na 82 ni nyuzi. Zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na kisahani kilichokaa sawasawa na springi yenye nguvu. Kama gari lako ni la Kijapani, ishia hapo.

Ya pili ni ile iliyo kwenye boksi la kampuni iliyounda gari. Kwa ubora haina neno. Kinachoniudhi ni bei, maana kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi themostati; zinanunua kwa watengenezaji wa spea na kubandika nembo. Nembo ndiyo unayolipia. Na boksi la jina kubwa siku hizi ndilo linalogushiwa kwanza, kwa hiyo hata hapo lifungue na upime.

Wahler na Mahle za Ujerumani nazipa nafasi ya tatu, ila kwa gari la Ulaya zinapanda hadi ya kwanza bila mjadala. Gates na Stant za Marekani ni nzuri, mradi kipimo cha chini kilingane. Kuna pia zile zilizoundwa zikwame zikiwa wazi injini ikizidi moto. Wazo ni zuri, lakini ikishakwama hivyo ni ya kubadilisha, nami ningependa kujua kilichochemsha injini kwanza.

Za bei ya chini zisizo na jina: hapana.

Na hawa wauzaji. Ukiuliza urefu wa kisahani unaambiwa "zote sawa tu, mama, inaingia." Kuingia inaingia, ukingo ni wa kipimo kimoja! Mwingine anakataa usifungue boksi kabla ya kulipa, kisha ukirudi anasema spea ikitoka haipokelewi. Mimi kwa muuzaji wa namna hiyo sinunui hata balbu. Na gasketi wanaiuza pembeni kana kwamba ni pambo, wakati mpira wa zamani ukishakakamaa hauzibi tena. Dai uwekewe mpya palepale, na fundi aifunge themostati kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake kikiwa juu, kama kitabu cha gari hakisemi vingine, ili hewa ipate pa kutokea.