Peninsula: nilisubiri miaka minne, nikaambulia magari

Tulipoangalia Train to Busan, filamu ya mazombi ya Korea Kusini, mdogo wangu alinishika mkono tangu treni inatoka Seoul na hakuuachia mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye skrini. Tulipoangalia Peninsula, sehemu yake ya pili, mtu huyohuyo alichukua simu yake kabla filamu haijafika nusu, akaanza kujibu meseji. Sikumwambia kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kutazama saa.

Inaniuma kuandika hivi, maana hakuna sehemu ya pili niliyoingojea kama hii. Train to Busan ilitoka 2016, Peninsula ikatoka 2020, na mwongozaji ni yuleyule, Yeon Sang-ho. Katika miaka hiyo minne nilitafuta hata Seoul Station, filamu yake ya katuni inayoonyesha jinsi balaa lilivyoanza mjini, nikaimaliza bila kuinuka. Kwa hiyo sikukaa mbele ya Peninsula nikitafuta makosa. Nilikaa nikiwa na hamu ya kutishwa na kulizwa tena. Kama hujaiangalia na unataka kuiona bila kujua yaliyomo, ishia hapa, kwa sababu nitasimulia mpaka mwisho.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za mapigano tunajua kanuni moja: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungiwa chumbani na moto, lakini utamkuta dakika ya mwisho amesimama. Train to Busan iliivunja kanuni hiyo mbele ya macho yetu, na iliivunja kwa sababu nzuri. Seok-woo, anayechezwa na Gong Yoo, anaanza safari akiwa baba asiye na muda na bintiye. Mtoto anampisha bibi mmoja kiti, baba anamfundisha kwamba wakati kama huo kila mtu ajiangalie mwenyewe. Saa chache baadaye baba huyohuyo amekwisha kung'atwa, anamfundisha mama mjamzito aliyebaki na mtoto wake jinsi ya kushika breki ya kichwa cha treni kwa sababu yeye hatafika. Kati ya baba wa mwanzo na baba wa mwisho kuna safari ndefu kuliko ile ya reli, na filamu inatupitisha kituo kwa kituo.

Halafu yule mwanamume mnene mwenye ngumi nzito, Sang-hwa wa Ma Dong-seok. Anashikilia mlango kwa mgongo huku anageuka zombi, na maneno yake ya mwisho ni jina la mtoto wake ambaye hajazaliwa. Mke wake mjamzito yuko upande wa pili wa kioo anasikia. Nimeiona sehemu hiyo mara nne. Kila mara najikuta naomba mlango ule ujifunge wenyewe.

Kilichonikamata zaidi ni namna mazombi wa filamu ile walivyokuwa na masharti yao, na watu wakalazimika kuyagundua kwa kuhatarisha maisha. Wakikuona wanakufuata. Basi Seong-kyeong, yule mama mjamzito, analowanisha kioo cha mlango na kukibandika magazeti, na kundi zima linatulia kama limezimwa. Gizani hawaoni, wanafuata sauti. Basi treni inapoingia kwenye handaki, wanaume watatu wanapanda juu ya sehemu ya kuwekea mizigo na kutambaa kimyakimya juu ya vichwa vya mazombi, wakiomba mwanga usirudi kabla hawajafika behewa linalofuata. Hakuna mlipuko pale, hakuna muziki mkubwa. Kuna goti la mtu linalotafuta pa kukanyaga. Ndipo mdogo wangu aliponiachia alama za kucha.

Sasa Peninsula. Nitaanza na haki yake, kwa sababu dakika zake za kwanza ni nzuri kweli. Jung-seok, mwanajeshi anayechezwa na Gang Dong-won, anaendesha gari akiipeleka familia ya dada yake melini. Njiani mwanamke mmoja anawasimamisha, ana mumewe na mtoto mdogo, anaomba hata mtoto tu achukuliwe. Jung-seok anakanyaga mafuta. Usiku melini mtu mmoja anageuka, na mwana wa dada yake anang'atwa. Dada anakataa kumwacha mwanawe. Jung-seok anafunga mlango akiwa upande wa nje, na shemeji yake anafika akiwa amechelewa. Nilijiambia: haya, ndiyo yenyewe. Mlango tena, kioo tena, na mtu atakayebeba alichokifanya.

Miaka minne inapita. Korea Kusini imefungiwa na dunia, wakimbizi wake wanatengwa Hong Kong, na Jung-seok na shemeji yake Chul-min wanapewa kazi: warudi kwa siri kupitia Incheon, watafute lori lililotelekezwa likiwa na dola milioni 20, walitoe nje. Hapa ndipo nilipohisi hadithi inanitoka mkononi. Watu wa treni walikuwa wanataka kufika Busan kwa sababu kuna mtu wanayempenda, au kwa sababu wanataka tu kuishi. Hawa wamerudi kuzimu kwa ajili ya fedha, na tunaambiwa tu kwamba maisha yao Hong Kong ni magumu. Tulionyeshwa baa moja na wateja wawili watatu wanaowakebehi. Kama wangenionyesha chumba wanachoishi, kitanda kimoja kisicho na mtu, picha ya mtoto yule, ningeelewa kwa nini mtu akubali kurudi.

Magari yamenichosha kuliko kitu kingine chochote. Robo kubwa ya filamu ni kufukuzana kwa magari usiku, na karibu yote yametengenezwa kwa kompyuta kiasi kwamba jicho halidanganyiki hata kidogo. Gari linageuka kana kwamba halina matairi. Linagonga kundi la mazombi, nao wanaruka kama makopo matupu, na gari halitikisiki, kioo hakipasuki, dereva hasogei kitini. Angalia sehemu moja tu, ya Joon-i, binti wa familia iliyobaki hai huko, anapozungusha gari kulifagia kundi zima barabarani. Mara ya kwanza unasema duh. Mara ya tatu unatambua kwamba hakuna mwili uliogongwa. Mazombi waliokuwa wanatufanya tuzuie pumzi sasa wamekuwa kama nyasi za kufyeka.

Kinachosikitisha ni kwamba masharti ya zamani bado yapo, na kuna mtu aliyeyafikiria vizuri. Mdogo wake Joon-i, Yu-jin, ana magari ya kuchezea yenye taa na kelele, anayaendesha kwa rimoti kuwavuta mazombi waondoke njiani. Jamani, mtoto aliyekulia kwenye nchi iliyokufa na michezo yake ndiyo silaha yake! Ukimweka mtoto huyo kwenye jengo moja la giza, betri zinaisha, mama yake yuko ghorofa ya juu, una filamu nzima. Wameitumia mara chache halafu tukarudi barabarani.

Wengine wanasema sehemu ya pili ilikosea kwa kuacha treni. Siamini hivyo. George Romero, mwongozaji Mmarekani wa filamu za mazombi, alianza 1968 na watu waliojifungia kwenye nyumba ya shamba, na 1978 akawahamishia kwenye jengo la maduka, na hamu ya kutazama haikupungua, kwa sababu kila mlango wa jengo lile tuliujua na tulijua nani anaulinda. Kuhama si tatizo. Peninsula ilihama ikasahau kujenga mahali. Nimemaliza filamu bila kuweza kuchora njia kutoka kambi ya wanajeshi mpaka bandarini, wakati mabehewa ya ile treni ningeweza kukuchorea hata leo.

Maadui nao. Kundi la wanajeshi waliochanganyikiwa, wanaokamata watu, wanawaandika namba vifuani na kuwaingiza uwanjani pamoja na mazombi huku wenzao wakicheza kamari nani atabaki hai. Koo Kyo-hwan anaigiza vizuri sana kama Kapteni Seo, ana uso wa mtu aliyekwisha kuoza kwa ndani, nami nilitamani filamu ikae naye. Lakini Sajini Hwang na wenzake ni watu wa kupiga kelele tu. Linganisha na yule mfanyabiashara wa kwenye treni aliyewatoa wenzake kafara mmoja baada ya mwingine. Nilimchukia kwa moyo wote, halafu mwishoni, akigeuka, akawa mtoto anayeogopa na kuomba apelekwe nyumbani kwa mama yake. Nilimchukia na nikamhurumia ndani ya dakika moja. Kwa Hwang sikuhisi lolote, na nadhani hakuna aliyehisi.

Kisha machozi. Mzee Kim, babu anayeishi na watoto wale, anapokufa akimkinga Yu-jin, picha zinapunguzwa mwendo, muziki unapanda, tunaonyeshwa kila uso unaolia, mmoja baada ya mwingine, halafu tunarudia. Helikopta ya kuwaokoa inasubiri. Mama yao, Min-jung, ambaye ndiye yule mwanamke wa barabarani, amejifungia ndani ya lori akiwa amezungukwa, ana bastola mkononi, anawatazama wanawe kwa mbali. Wazo ni zito: Jung-seok amepewa nafasi ya pili ya kutokanyaga mafuta na kuondoka. Lingetosha kwa dakika mbili. Limevutwa na kuvutwa mpaka nikaacha kulia kabla sijaanza. Na anarudi, na wanapona, na steringi hafi. Kwenye filamu ya kwanza, katika handaki la Busan, mtoto anaimba wimbo aliokuwa amemwandalia baba yake, wanajeshi wameshaelekeza bunduki gizani, na hakuna aliyetuambia tulie.

Nimeipa 4 kati ya 10, na alama mbili kati ya hizo ni za meli ile ya mwanzo. Mwenye hamu ya magari na risasi hatachukia, dakika 116 zitapita. Aliyeipenda Train to Busan kama mimi, aiangalie akijua kwamba hakuna mhusika hata mmoja wa treni ile anayerejea.

Kuna kitu kimoja zaidi. Ndani ya helikopta, ofisa anayewaokoa anawaambia watoto kwamba sasa wanakwenda mahali pazuri zaidi, na Joon-i anamjibu kwa upole kwamba hata dunia aliyokuwemo haikuwa mbaya. Alikuwa na mama, mdogo wake na babu wa kuwasimulia. Mdogo wangu akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Dada, kasema nini huyo?"

Nikairudisha nyuma, akaisikiliza, akaniomba niirudishe tena.