Dashiki au kente?
Dashiki ni shati pana la kuvaa kwa kupitisha kichwani. Weusi wa Harlem, mtaa wa New York, walilivaa mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na nywele za afro, na hadi leo halina masharti: fua, anika, vaa. Ila ile nakshi maarufu ya shingoni, Angelina, ilibuniwa Uholanzi mwaka 1963, na kampuni ya Vlisco. Ndiyo hivyo.

Kente, kitambaa cha Ghana, ni habari nyingine. Waashanti na Waewe huifuma vipande vyembamba, kisha huviunga. Ishike usikie uzito. Wahitimu weusi Marekani huivaa mabegani juu ya joho, lakini za bei chee zimepigwa chapa tu. Geuza nyuma: rangi imefifia.

Kwa mahafali, kente ya kufumwa. Kwa nyama choma ya Juneteenth, sikukuu ya Marekani ya kukumbuka mwisho wa utumwa, dashiki.