Fundi wa Kibuye anayepima gari kwa sikio: nyota 4 kati ya 5

Kama uko Kisumu na una Probox, Wish ama gari yoyote mzee inayolia na huelewi inalilia nini, kuna fundi jua kali nyuma ya soko la Kibuye, naona watu hawampi heshima yake, wacha nimwandikie. Hana mashine ya kupima, hana kiti cha wateja. Ako na bisibisi ndefu, jeki na masikio.

Shida yangu ilikuwa mngurumo. Unaanza gari ikifika kama 60, na ukikanyaga mafuta unapanda nayo. Kuna gereji ya kisasa mjini (jina naacha) waliingiza kompyuta wakasema haijaonyesha kitu, gari iko sawa, lipa. Sawa, beringi ya gurudumu (ile chuma gurudumu linazungukia) ikianza kuchoka haiwashi taa kwa dashibodi, lakini si basi mngepanda tu gari mskize?

Huyu wa Kibuye nilimrushia kwanza voice note ya WhatsApp. Akajibu, "Omera, hapo nasikia gari, lakini sisikii ni wapi. Lete." Hiyo jibu imenikaa kichwani. Kwa simu utajua kuna kitu kinanguruma, utajua hata ni chuma, lakini upande gani hapana, maiki ni moja na sisi tuna masikio mawili, ubongo unalinganisha sauti imefika sikio gani kwanza na tofauti yenyewe haifiki hata milisekunde 1. Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson aliuliza mwaka 1959, mtu akiishi kwa dunia ya sauti tupu, hakuna kuona hakuna kugusa, angejuaje kuna vitu vinaendelea kuwepo hata wakati havisikii? Aliona sauti peke yake haibebi nafasi ndani yake, huko hakuna hapa wala pale. Sasa voice note ni kama kipande cha hiyo dunia.

Basi nikapeleka gari. Mzee akaingia kiti cha abiria, akafunga vioo, akazima redio bila kuniuliza, tukashika barabara ya Kondele. Tukipata nafasi ananiambia yumba kushoto kidogo, mngurumo unakuwa mzito, sasa kulia, unapungua. "Ni ya mbele kulia," kwisha. Maana ukikata kushoto uzito wa gari unaegemea kulia, beringi mbovu inabebeshwa zaidi na inalalamika zaidi.

George Berkeley, yule Mu-Ireland, aliandika 1713 kwamba ukisikia gari la farasi barabarani, kitu unasikia moja kwa moja ni sauti tu, gari lenyewe unaliongeza wewe kwa mazoea kwa vile umezoea hiyo sauti inakuja na gari. Kwa hivyo kwake fundi wangu hasikii beringi, anasikia mngurumo halafu uzoefu unamalizia. Mimi hapo sikubali yote. Mazoea anayo, ndiyo, miaka mingi, lakini hakukaa tu akingoja sauti imkumbushe kitu, alihamisha mzigo akaona sauti inafuata. Halafu kurudi akainua gari na jeki, akashika springi kwa mkono mmoja, na huo mwingine unazungusha gurudumu, akaniita nishike pia. Ilikuwa inakwaruza ndani, unaihisi kwa vidole kabisa, ya kushoto nayo laini. Kama sikio limeenda njia yake na mkono njia yake na vyote vikafika kwa beringi moja, mbona tuseme tulisikia sauti tu?

Casey O'Callaghan, Mmarekani aliyeandika kuhusu haya 2007, ananiingia zaidi: sauti ni tukio, inatokea pale kitu kilipo, kwa hivyo ukiiskia unapata habari ya kile kitu kinafanya. Na hapo ndio utaona pia uwezo wa huyu mzee unaishia wapi. Taa yangu ya breki ilikuwa imeungua na hakujua mpaka nimwambie, balbu haipigi kelele. Injini ikizimwa yeye na mimi ni sawa tu.

Ikiwaka sasa, anaweka ncha ya bisibisi kwa oltaneta (ile ya kuchaji betri), mpini kwa sikio, anahamia pampu ya maji, anarudi. Chuma inabeba mtetemo moja kwa moja, haipitii hewa yenye kelele zote. Aliniachia nijaribu (mpini wa plastiki, na chunga mikono na belti). Oltaneta ilikuwa inavuma vizuri, pampu ina kamlio kavu, kama mchanga. Akasema hiyo bado, tutaiangalia tukibadilisha belti, hakunisukumia spea.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya majirani. Kuna watu wa kuchomelea mageti hapo kando, grainda ikianza hata yeye hasikii kitu na utakaa juani ukingoja. Enda asubuhi mapema. Kusikiliza tu analipisha 500, beringi unanunua mwenyewe, na risiti ni ya kuandikwa na biro kwa karatasi ya daftari, so kama gari ni ya kampuni jipange.