Wodi ya watoto iliyoufungua utumbo wa mwanangu

Tulifika hospitali saa nne usiku tukitokea milimani, Usambara. Mwanangu ana miaka mitano. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, anatapika nyongo, siku ya pili hajapata choo. Jioni ile alikuwa ametapika mnyoo mzima, mrefu kupita kiganja changu. Dukani nilikuwa nimeshanunua albendazole, dawa ya minyoo, nimeifunga kwenye pembe ya kanga.

Nesi wa zamu aliiona akaniambia, "Mama, hiyo usimpe. Minyoo imesongamana imeziba utumbo, dawa ikiikuta hivyo inaweza kuziba zaidi." Sikuwa najua hilo, na maneno yale peke yake yanatosha mimi kuisifu wodi hii.

Alipigwa picha ya tumbo, akawekewa dripu na mpira mwembamba kupitia puani hadi tumboni, na hakupewa chochote mdomoni. Daktari wa upasuaji aliarifiwa akae tayari. Kila baada ya saa chache nesi alirudi, akamgusa tumbo, akalisikiliza, akalipima kwa utepe na kuandika. Mimi nililia, yeye akaniletea kiti. Aliniuliza kama mtoto aliwahi kukohoa miezi ya nyuma. Alikohoa sana, nikampa dawa ya kifua. Kumbe viluwiluwi vya minyoo hii hupita kwenye mapafu kwanza kabla ya kurudi utumboni kukomaa, huenda ndicho kile kikohozi.

Alfajiri ya siku ya pili akajamba, dalili kwamba utumbo umeanza kufunguka. Nesi alipiga makofi! Mchana akapata choo, minyoo 14 ndani ya poti, niliihesabu. Uji ulipokaa tumboni bila kutapika, ndipo akatafuna albendazole, miligramu 400, kidonge kimoja tu. Maabara nayo ilikuta mayai ya minyoo kwenye choo chake, tukaambiwa na wadogo zake waje wapimwe.

Linaloniuma ni choo cha wodi. Bomba kavu siku zote tatu, sabuni hakuna. Mnyoo jike mmoja hutaga hata mayai 200,000 kwa siku, na yanaingia mwilini kwa mikono na vyakula vyenye udongo. Mama aliyemuuguza mtoto wa minyoo anawezaje kutoka pale bila kunawa? Wakubwa wa hospitali walitazame hili.

Mtoto akivimba tumbo na kutapika, mpeleke huko hata iwe usiku wa manane, wala usimpe dawa njiani. Beba ndoo ya maji na sabuni yako.