Pikapu ya turbo ujaze petroli gani: 85, 87, 88, 89, 91 au 93?

Pikapu nyingi mpya zinazouzwa Marekani sasa zina injini ndogo ya turbo badala ya V8, yaani injini ya silinda nane. Ford F-150 inakuja na EcoBoost, injini ya turbo ya Ford, ya lita 2.7 au 3.5, Chevrolet Silverado ina injini ya silinda nne ya lita 2.7, na Toyota Tundra tangu modeli ya 2022 inatumia V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili. Hizi ni za petroli, tofauti na Hilux za dizeli tulizozizoea nyumbani, na mwenye kuihama dizeli anajikuta mbele ya pampu yenye vitufe vitatu au vinne, kila kimoja na namba yake na bei yake.

Jibu langu kwa watu wengi ni 87. Panda hadi 91 au 93 unapovuta mzigo mzito au joto linapokuwa kali. Ile 85 usiiguse kamwe, hata ukiwa Denver, Colorado, ambako imeandikwa kuwa ndiyo ya kawaida.

Namba hizo ni za oktani, ambayo ni kipimo cha uvumilivu wa petroli: inaweza kubanwa na kupata moto kiasi gani ndani ya silinda kabla ya kujiwakia yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Ikijiwakia, injini inagonga, na kugonga kukizidi pistoni huharibika. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa iliyobanwa hupata joto. Kwa hiyo injini ndogo ya turbo inayopanda mlima na trela nyuma inaidai petroli uvumilivu mkubwa kuliko V8 ya zamani iliyojivutia hewa yenyewe.

Injini za siku hizi zina sensa inayosikia kugonga huko kukianza tu. Kompyuta ya gari hapo hapo huchelewesha cheche na kupunguza msukumo wa turbo. Injini inapona, ila wewe unalipa kwa nguvu uliyopoteza. Jarida la Car and Driver lilipima F-150 ya lita 3.5 mwaka 2019: kwa petroli ya 93 ilifika maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 5.3, kwa 87 ikachukua 5.9. Na ujue kwamba namba za nguvu ambazo Ford huziandika kwenye matangazo ya EcoBoost zimepatikana kwa petroli ya bei ya juu. Ukijaza 87 gari linakwenda vizuri, lakini zile nguvu za farasi zote ulizosoma hazipo.

Nafasi ya kwanza: 87, kwa kazi za kila siku

Kama kitabu cha gari kinasema 87 inatosha, basi inatosha kwenda kazini, sokoni, kanisani au msikitini, na kubeba magodoro ya jirani anayehama. EcoBoost, Tundra na Silverado ya 2.7 zote zimetengenezwa kuikubali. Tangi la F-150 la galoni 26, pengo la bei likiwa senti 80 kwa galoni, linakugharimu dola 20.80 zaidi kila ukijaza petroli ya juu. Chama cha madereva cha AAA kilipima mwaka 2017 magari ambayo watengenezaji wanapendekeza petroli ya juu bila kuilazimisha, kikakuta yanaokoa mafuta kwa wastani wa asilimia 2.7 tu. Hesabu hiyo hairudishi pesa yako.

Pesa utakayookoa, itumie kuchagua kituo. Tafuta chenye alama ya Top Tier, maana petroli yake ina sabuni ya kutosha ya kusafisha injini. AAA ilipima mwaka 2016 ikakuta petroli isiyo na alama hiyo inaacha masizi mara 19 zaidi. Mimi ningechukua 87 ya kituo chenye alama hiyo kabla ya 93 ya kituo nisichokijua, kwa gari la matumizi ya kawaida.

Nafasi ya pili: 91 au 93, unapofanya kazi nzito

Hapa ndipo petroli ya juu inapostahili bei yake, na hapa sikubali ubahili. Kitabu cha F-150 chenyewe kinashauri petroli ya juu kwa kazi ngumu kama kuvuta trela. Fikiria umefunga trela lenye gari lingine juu yake, ni Julai, umetoka Denver kwa barabara ya I-70 unaupandia mlango wa handaki la Eisenhower ulioko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Turbo inafanya kazi bila kupumzika, joto linapanda, na kompyuta inapunguza nguvu kila mara kujiokoa. Katika hali hiyo petroli ya juu inakurudishia nguvu kwenye mlima, wakati ule ule unapoihitaji. Jaza kabla ya kufunga mzigo, tangi likiwa karibu tupu, kisha endesha kidogo ili kompyuta ijifunze petroli mpya. Safari ikiisha rudi kwenye 87.

Texas utakuta 93. Kule California na Colorado, petroli ya juu huwa ni 91, nayo inafaa. Wenye pikapu ya Ram 1500 yenye injini ya Hurricane ya nguvu kubwa, ile ya farasi 540, wafuate kitabu chao: injini hiyo imejengwa kwa 91, hivyo ushauri wangu wa 87 hauwahusu. Zingatia neno lililoandikwa kitabuni. Kupendekezwa kunakuachia hiari, kulazimishwa hakukuachii.

Nafasi ya tatu: 88

Hii ina ethanoli, yaani alkoholi ya mahindi, asilimia 15, na iko sana majimbo ya mahindi kama Iowa na Minnesota. Mara nyingi ni rahisi kuliko 87 kwa senti chache. Serikali imeiruhusu kwa magari ya 2001 na kuendelea, lakini soma kitabu au kifuniko cha tangi kwanza. Utaenda maili chache kidogo kwa galoni. Kwa mtu wa Des Moines, Iowa, anayeikuta karibu na nyumbani, ni chaguo zuri kabisa.

Nafasi ya nne: 89

Mara nyingi ni 87 na 91 au 93 zilizochanganywa pale pale kwenye pampu. Unalipia nusu ya njia na kupata nusu ya faida. Ina maana pale tu kitabu chako kinapoitaja.

Ya kukataa: 85

Majimbo ya milimani kama Colorado na Wyoming yanauza 85 kwa jina la petroli ya kawaida. Sababu yake ni ya zamani: juu milimani hewa ni nyepesi, silinda inabanwa kidogo, na injini za kabureta hazikugonga hata kwa oktani ndogo. Turbo inafuta sababu hiyo yote, kwa kuwa kazi yake ni kuijaza silinda hewa hata pale hewa ilipo nyepesi. Ford haipendekezi petroli iliyo chini ya 87 na inaonya kuwa inaweza kuharibu injini. Kule 87 iko kwenye kitufe cha katikati, kwa hiyo angalia namba, achana na jina.

E85, yaani mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, nayo ni kitu kingine kabisa. Kama gari lako halikutengenezwa kuipokea, iache.

Kwa walio Oman, Emirati na Congo

Namba za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Kwingine kwingi pampu zinaonyesha RON peke yake, ambayo huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo 91 ya Muscat inalingana takriban na 87 ya Denver, na 95 ya Muscat iko karibu na 91 ya Marekani. Mwenye F-150 Oman anayesoma kitabu cha Marekani kinachosema 91 kisha akajaza 91 ya Muscat amejaza ya chini akidhani ni ya juu. Kwa joto la huko, na kama unavuta boti au trela, chukua 95. Pikapu za Marekani zinazofika Lubumbashi au Goma zifuate hesabu hiyo hiyo: 87 ya kitabu inataka RON 91 au 92 kwa uchache.

Ukishajaza 85 kwa bahati mbaya, usiogope. Usivute kitu, usikanyage mafuta hadi mwisho, na tangi likifika nusu ongeza 91.